MAMBO MAPYA YANAYODUMU
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu



Sisi tunaosema nanyi ni watu wa reli kama ninyi. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na mengine yote tumejifunza kazini, spana mkononi. Kwa hiyo msitazamie maneno makubwa. Tumekuja kusema juu ya jambo moja lililo mezani, yaani ombi la kutoa fedha katika mfuko wetu wa kusaidiana ili kununua nyumba ya plastiki ya kuoteshea nyanya, kule upande wa Malindi. Mwisho wa mwezi mtapiga kura. Fedha hizo zimekatwa katika mishahara yetu mwezi hata mwezi, na ndizo tunazozikimbilia mtu akifiwa, au mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Basi yafaa tufikiri vizuri kabla ya kuinua mikono.

Huenda mtu akauliza, watu wa reli na nyanya, wapi na wapi? Jibu ni hili. Reli haikufika Malindi wala Kilifi mjini. Yapita Mazeras na Mariakani, kisha yapanda bara. Lakini wengi wetu tumetoka Kaloleni, Ganze, Magarini na Malindi, na mishahara yetu huenda huko huko. Mvua ikikosekana Ganze, simu yalia Mariakani. Katika ukame wa mwaka 2021 na 2022 wako wenzetu hapa waliokuwa wakinunua unga wa nyumba tatu kwa mshahara mmoja. Mfanyakazi asiyejali shamba la kwao atapigania nyongeza ya mshahara leo, na kesho nyongeza hiyo italiwa yote na bei ya unga. Kwa sababu hiyo habari ya chakula ni habari ya chama.

NYUMBA YETU YA PLASTIKI

Kwanza tuwaeleze yaliyotupata sisi wenyewe, tusije tukaonekana tunasema kwa kusikia.

Mwaka 2016 tulikuwa watu saba. Alitujia muuzaji mmoja, mtu wa maneno mazuri, akatuonyesha picha za nyanya nyekundu zimening'inia kama taa za harusi. Kila mmoja wetu akatoa shilingi 30,000, jumla 210,000. Tukajengewa nyumba ya plastiki huko Magarini, katika shamba la mwenzetu mmoja, ikawekwa tangi na mipira ya kudondosha maji. Siku ya kuifungua tulipiga picha.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, hatukatai. Tuliuza masanduku mengi katika soko la Malindi, tukaanza kuhesabu faida ya mwaka wa tano na hali mwaka wa kwanza haujaisha. Mavuno ya pili miche ilianza kunyauka, mmoja baada ya mwingine, ingali mibichi. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba ni ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni, na kwamba nyanya, biringanya na pilipili ni za jamaa moja, ukizirudisha palepale msimu baada ya msimu ugonjwa unazidi. Shamba la wazi waweza kulihamisha, ukapanda mahindi au kunde pale palipokuwa na nyanya. Lakini nyumba ya plastiki haihami. Kiangazi kilipoingia, maji ya kisima yakawa na chumvi zaidi, na matundu madogo ya ile mipira yakaziba. Kisha upepo wa kusi ukapasua plastiki upande mmoja. Tukampigia simu muuzaji. Simu iliita wiki ya kwanza, wiki ya pili haikuita tena.

Sasa sikieni jambo linalotuaibisha. Siku ile ya kufungua, shemeji yetu, mke wa huyo mwenye shamba, aliuliza swali moja tu: "Maji ya kisima hiki mmeyaonja mwezi wa Februari?" Tulicheka. Yeye hakubishana nasi. Alichukua jembe akapanda muhogo nje, kando kando ya plastiki, mahali tulipopaacha. Mwaka uliofuata fedha zetu zilikuwa zimekwisha, na sisi watu saba tulikula muhogo wa shemeji.

Muuzaji ana makosa yake, lakini na sisi tuna yetu. Sisi ni watu wa reli. Twajua kwamba injini isiyo na fundi na isiyo na vipuri ni chuma kilicholala juu ya chuma. Hakuna hata mmoja wetu angepokea injini kazini bila kuuliza nani ataitengeneza. Lakini tulipotoka kazini tukaenda shambani, akili hiyo tuliiacha langoni.

MUHOGO WA KALESO

Ule muhogo wa shemeji una historia, na sisi tuliijua baadaye sana. Watu wa kwetu wauita Kaleso. Wengi hudhani ni mbegu ya mababu tangu zamani za kale. Sivyo. Ni jambo jipya lililozoeleka hata likasahauliwa kuwa lilikuwa jipya.

Katika miaka ya 1930 na baada yake, wataalamu wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika ya wakati ule, walikuwa wakitafuta dawa ya magonjwa yaliyokuwa yakiharibu mihogo. Yako magonjwa mawili makubwa. Moja ni batobato, linalokunja majani na kuyatia rangi ya manjano. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ni baya zaidi kwa kuwa juu mti waweza kuonekana mzima, kumbe chini muhogo umeoza. Wataalamu hao waliuchanganya muhogo na mti wa jamaa yake, ule mti wa mpira wa Ceara, kisha wakauchanganya tena na tena na muhogo wa kuliwa, mpaka wakapata mbegu zenye kustahimili. Moja ya mbegu hizo iliitwa kwa nambari, 46106/27. Hiyo ndiyo Kaleso. Kusini mwa Tanzania wauita Namikonga.

Kituo cha wakati ule kilikwisha, serikali iliyokiendesha ilikwisha, na nambari ile watu wameisahau. Mbegu ingalipo. Kwa nini? Kwa sababu mti wa muhogo hukatwa vipande, na jirani humpa jirani bila risiti. Mwanamke aliyepata mzigo mmoja wa miti mwaka huu, mwaka ujao aweza kuwapa wenzake kumi. Hakuna wa kumpigia simu. Kitu cha kuangalia ni kimoja tu, kwamba kama vile mti upelekavyo mbegu njema, vivyo hivyo hupeleka ugonjwa. Lazima uchague mti usio na majani yaliyokunjamana wala alama za kahawia shinani.

Tazameni na mahindi. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimetupatia mbegu za Pwani za namna mbili. Iko ile ya Coast Composite, ambayo mkulima aweza kuchagua masuke mazuri akaweka mbegu ya msimu ujao. Tena ziko haibridi za Pwani, kama PH1 na PH4, ambazo mvua ikiwa njema huzaa zaidi, lakini ukipanda punje ulizovuna mwenyewe nguvu yake hupungua, kwa hiyo kila msimu lazima ununue. Hatusemi haibridi ni mbaya. Twasema kwamba mwenye haibridi peke yake, mwaka wa ukame akikosa fedha, hana chakula wala mbegu. Mwenye zote mbili ana mlango wa nyuma.

KOROSHO, NA KIWANDA KILICHOFUNGWA

Sasa twende kwenye biashara. Mkorosho, ambao wazee wauita mkanju, si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno. Lakini ulipenda mchanga wetu, na leo utaukuta tangu Kwale hata Kilifi na Lamu.

Katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha kubangua korosho hapo Kilifi, na wakulima walikuwa na hisa kupitia ushirika wao. Kubangua si kazi ya mchezo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na kiini kikitoka kizima bei yake ni kubwa kuliko kikivunjika. Kwa hiyo kiwanda kilikuwa ni kazi kwa mamia ya watu, tena ni bei kwa mkulima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kikafungwa, kimelemewa na madeni. Korosho zikawa zanunuliwa mbichi na madalali na kupelekwa ng'ambo kubanguliwa, na faida ya kubangua ikaenda pamoja nazo. Wakulima wengine walikata mikorosho wakachoma makaa. Mwaka 2009 serikali ilikataza kupeleka korosho ghafi nje ya nchi, na siku hizi wako wabanguaji wadogo wadogo. Lakini miti mingi imezeeka, na mti mpya wataka kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa.

Ndugu, hapa pana somo kwetu sisi watu wa chama. Jina la ushirika kuandikwa katika hisa ni jambo moja, na mwanachama kujua hesabu ya kila mwezi ni jambo jingine. Deni halikui usiku mmoja. Hukua polepole katika vitabu, na mahali ambapo vitabu havisomwi mbele ya watu, watu hulisikia siku ile mlango umekwisha kutiwa kufuli. Jambo jipya halilindwi na mitambo. Hulindwa na macho ya wenyewe.

MSITU NA BAHARI

Yako pia mazuri, na si mbali. Watu wa Gede na Watamu wanaujua msitu wa Arabuko-Sokoke, kiasi cha kilomita 420 za mraba. Kwa muda mrefu waliopakana nao waliuona kuwa adui. Tembo wala mahindi yao, na wao wakiingia kutafuta kuni au nyama washikwa. Wengi walitaka ukatwe wapewe mashamba.

Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi wa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo. Huwalisha viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na viwavi wakigeuka kuwa mabuu yaliyofungwa, mabuu hayo husafirishwa upesi kwa ndege mpaka nyumba za maonyesho ng'ambo, kwa maana baada ya siku chache kipepeo hutoka. Mkulima akajua kwamba msitu ukikatwa, kipepeo hapatikani, na kipepeo asipopatikana hakuna fedha. Tangu hapo yuko mtu wa kijijini mwenye sababu yake mwenyewe ya kuutetea msitu. Lakini tusifiche na upungufu. Mwaka 2020, korona ilipofunga maonyesho na kusimamisha ndege, mfugaji wa vipepeo alikuwa na mabuu na hana mnunuzi. Aliyekuwa na muhogo na vipepeo alikula. Aliyekuwa na vipepeo peke yake alikopa.

Na kule Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi waliona samaki wanapungua na matumbawe yanakufa. Mwaka 2003 wakaunda chama chao, na muda si mrefu wakaamua kufunga sehemu ya bahari, kiasi cha hekta 30, pasivuliwe kabisa. Fikirini ugumu wake, mvuvi kujinyima bahari ya babu yake. Lakini samaki wakikaa salama hukua, na samaki mkubwa hutaga mayai mengi sana kuliko mdogo. Hujaa ndani, kisha hutoka nje ya mpaka, na huko ndiko mvuvi huwangojea. Hawakununua mashine yoyote. Upya wao ulikuwa ni kukubaliana, na kumshika mkono anayevunja maafikiano, hata akiwa ndugu.

MTOTO ASOME NINI

Sasa elimu. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa karo kwa watoto wa sekondari wanaokaa kando ya Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Fedha za wageni wanaokuja kutazama ndege na mikoko zasaidia kulipa karo, na wazazi nao hupanda miti na kuutunza msitu. Hapo msitu umekuwa mlipa karo. Ni mpango mzuri, nasi twausifu.

Lakini karo si elimu yote. Katika shule yetu ya misheni kulikuwa na shamba la shule, na mtoto mkosaji ndiye aliyepelekwa kulima. Hivyo tulifundishwa, bila mwalimu kutamka, kwamba jembe ni adhabu na kalamu ni zawadi. Leo tunazo karibu nyumba za elimu ambazo baba zetu hawakuziona. Kiko kituo cha Mtwapa, na kiko Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013 mahali palipokuwa chuo cha kilimo. Tulipojenga ile nyumba ya plastiki, hatukuenda hata siku moja kuuliza juu ya maji wala udongo. Nauli ya kwenda Mtwapa ingalituokolea shilingi 210,000.

TWATAKA NINI BASI

Kijana mmoja alitusikia tukisema haya juzi, akatuambia, "Ninyi mwasema kama wazee, mwaogopa maendeleo." Ndugu, hatujafika hata miaka arobaini. Wala hatuogopi. Reli yenyewe ilikuwa jambo jipya ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hata ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 2006 reli ya zamani ilikodishwa, mwaka 2017 ukodishaji ukakoma, na mwaka huo huo reli mpya, SGR, ikaanza kubeba abiria. Mabwana wamebadilika, injini zimebadilika. Mfanyakazi aliyekaa ni yule aliyejua kazi ambayo mwingine haijui, na aliyekuwa na wenzake nyuma yake. Muhogo, mahindi, korosho, hata nyanya zenyewe, zote zilitoka Amerika. Watu wa Pwani hawajapata kukataa kitu kwa kuwa ni kigeni. Walikijaribu pembeni kwanza, kilichofaa wakakipa jina.

Kwa hiyo kila jambo jipya likiletwa mbele yetu, na tuliulize maswali matatu. La kwanza, likiharibika, nani hapa hapa kwetu aweza kulitengeneza? La pili, mbegu, maji na vipuri vya msimu wa pili vyatoka wapi, na kwa bei gani? La tatu, faida yamfikia nani, hasara yamwangukia nani, na vitabu vyasomwa wapi? Lisilo na jibu la maswali haya lingoje.

Basi twaleta shauri hili badala ya ombi lililo mezani.

Kwanza, tusitoe katika mfuko zaidi ya sehemu moja kati ya kumi, ili mfiwa na mwenye karo wasije wakakuta sanduku tupu.

Pili, kabla ya kununua chochote, maji na udongo wa mahali hapo vipimwe, na maji yapimwe kiangazi.

Tatu, vijana wawili wa wanachama, mmoja awe msichana, wapelekwe kujifunza kwa gharama ya mfuko, nao wakubali kurudi kutufundisha.

Nne, tuanze na shamba la mbegu safi ya muhogo. Kila nyumba ya mwanachama ipewe mzigo mmoja, na baada ya mavuno irudishe miwili kwa nyumba nyingine. Nyanya na zipandwe kidogo shambani, kwa kuhamishwa kila msimu. Zikifaulu misimu mitatu, hapo tutazungumza habari za plastiki.

Tano, hesabu isomwe kwa sauti katika kila mkutano, hata kama ni ya shilingi 500.

Na wa sita tumwongeze tukiwa hapa. Twaomba kina mama wanaolima mashamba hayo wawe na kura katika jambo hili. Sisi twatuma fedha, lakini wao ndio wanaoyaonja maji ya Februari. Shemeji yetu amekubali kuja mwisho wa mwezi, naye atakuja na miti ya Kaleso mtakayoweza kuchukua. Mwenye swali amwulize yeye.

Mkiona shauri hili halifai, likataeni, nasi tutafuata yaliyoamuliwa na wengi, maana ndivyo chama kilivyo. Lakini msilikatae kwa sababu ya picha ya nyanya nyekundu. Picha hiyo tunayo nyumbani, na sisi saba tumo ndani yake tunacheka.